Tazama Reli Kwanza, Inchi Baadaye

Asanteni, mafundi wenzangu. Naona wengine mmeshaanza kucheka kwa sababu mnajua naanza na nini. Naam, reli. Mtanivumilia.

Fundi akiingia dukani Kariakoo kununua msumeno wa pembe wa kuteleza, ule wa umeme ambao kichwa chenye bladi huteleza mbele na nyuma juu ya reli, anauliza "bladi ni ya inchi ngapi?" Kisha "wati ngapi?" Anajibiwa, mashine inafungwa kamba, bodaboda, Keko. Hakuna aliyekivuta kichwa mpaka mwisho wa reli akakitikisa kushoto na kulia. Kaka, hicho ndicho ulichonunua! Bladi utabadilisha, brashi za mota utabadilisha. Reli iliyolegea utakaa nayo mpaka umuuzie mwenzako, ambaye naye hatatikisa.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua ubao wa upana wa milimita 300, kingo zake zimenyooka na zinalingana. Ukate katikati kwa digrii 90. Pindua kipande kimoja, uso wa juu uwe chini, kisha kutanisha ncha ulizokata, vipande vyote vimeegemea fensi, ule ukuta wa mashine unaoegemezea ubao. Mashine ikikosea nusu digrii tu, kule upande mmoja utaona mwanya wa zaidi ya milimita 5, kwa sababu kosa limejirudia mara mbili. Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wanaponikimbia. Rudia mkato. Mwanya ukibaki uleule, ni fensi, inarekebishwa kwa spana. Ukibadilika kila mara, ni reli inacheza, na spana yako haina dawa yake.

Najua kuna mtu huko nyuma anasema moyoni, "Nusu digrii? Nitaziba kwa gundi na unga wa mbao." Ziba. Fremu ya kioo ina kona 4, kwa hiyo mikato 8. Nusu digrii kila mkato, zote upande mmoja, ukifika kona ya mwisho unadaiwa digrii 4. Halafu mteja amelipia mninga, unapaka vanishi, na palipo na gundi vanishi haiingii. Doa linakaa pale sebuleni na kila mgeni analiona.

Mwingine: "Mzee, mkongo ni mgumu, mimi nataka inchi 12." Ugumu wa mti unashughulikiwa na meno makali na mkono usio na pupa. Bladi kubwa, unene ukiwa uleule, hupinda na kutetema zaidi ukingoni. Ya inchi 10 yenye reli hukata upana unaokaribia inchi 12, wakati ya inchi 12 isiyo na reli huishia kama inchi 8. Kama unakata nguzo nene, sawa, chukua 12. Lakini kama kazi yako ni mbao za inchi mbili kwa nne na mbili kwa sita, fremu za milango na vitanda, usinunue ya kuteleza kabisa! Ndiyo, mimi niliyekuja na reli nasema hivyo. Reli ambayo haipo hailegei.

Nafasi. Reli nyingi hutokea nyuma, na vibanda vyetu mnavijua. Pima kutoka ukutani kabla ya kulipa. Bosch wana mashine yenye mkono wa viungo badala ya reli, inakaa karibu na ukuta, ila bei yake kaeni chini kwanza.

Mashine ya mtumba ya Marekani ni ya volti 120, sisi ni 230. Nimelisema mara ngapi?

Bladi ya mashine ya meza usiifunge hapa, meno yake yameinamia mbele mno, huuvamia ubao na kichwa kinakujia. Tafuta yenye meno yaliyosimama au yaliyoegemea nyuma kidogo, meno 60 kwenda juu kwa mkato msafi. Ubao mpana: vuta kichwa hewani, shusha, sukuma. Usikate ukivuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo vumbi tutalizungumza siku nyingine, ila vumbi la mvule lifungieni barakoa. Leza ya kuonyesha mstari wa mkato? Choreni kwa penseli. Mashine mbili ziko pale mezani, moja nzima, moja imelegea. Sisemi ipi ni ipi.