Mwari wa Zama za Siasa

Assalamu alaykum. Nashukuru kualikwa hapa Chake Chake. Tukitaja zama za siasa za Zanzibar, kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, husimulia vyama na viti, kisha fujo za Juni 1961 kule Unguja zilizoua watu 68. Mimi leo namtafuta msichana wa Kipemba aliyevunja ungo miaka hiyo.

Mambo ya utu uzima hakuyazungumza na mamake. Alipelekwa kwa somo, mwanamke msiri na mwenye heshima zake, akafunzwa twahara, kujisitiri na kuishi na mume. Somo angeweza kuwa jirani tu, maana kilichotakiwa ni uaminifu. Siasa ilipopamba moto, watu waligomeana maduka na mabasi, hata mazishi. Jirani asiyekuja kumzika babako, utamkabidhi mwanao?

Ubaguzi ulivitangulia vyama. Kwa hoja ya kufu, yaani mume awe wa hadhi sawa na mke au zaidi, Mwarabu aliweza kuoa binti wa Kishirazi, yaani wa wenyeji wanaojinasibu na Uajemi, lakini kaka wa binti huyo akiposa upande wa shemeji yake, aghalabu jibu lilikuwa hapana. Watoto wakahesabiwa kabila la baba. Basi msichana alijua thamani ya nywele za singa na za kipilipili kabla hajahudhuria mkutano wa hadhara hata mmoja.

Msimu wa karafuu, wanawake na watoto walikaa jamvini jioni wakichambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, vidole vikinata utomvu. Mwari akiinamisha kichwa kazini, masikio hayakuinama. Hapo alisikia nani katukanwa kwa kuitwa golo, nani katajiwa utumwa wa babu yake, na nani kapewa talaka kwa sababu ya kadi ya chama. Ndiyo, talaka! Huku Pemba Washirazi na Waarabu walikuwa wameoana sana, na mwanasiasa Mohamed Shamte na wenzake walipojitenga na chama cha Afro-Shirazi (ASP) mwaka 1959 na kuunda chama chao cha ZPPP, kisha wakashirikiana na chama cha ZNP, mpinzani wa ASP, Washirazi wenyewe waligawanyika. Matusi ya kadamnasini yakawa ya mtu na dada yake.

Hotuba za viongozi tunazo. Maneno ya hao kina somo hatunayo, kwa kuwa kazi yao ni siri, na watafiti wetu, wengi wao wanaume, hawakubisha hodi mlango huo. Mwenye bibi aliyekuwa mwari wakati ule amuulize somo wake alikuwa nani, na kama somo huyo alihudhuria harusi ya bibi.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na kinamama.