Jinsi ya Kupanga Ulinzi wa Kiboko Kwenye Sataranji

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunapanga Ulinzi wa Kiboko, ambamo mchezaji wa kete nyeusi humwachia mpinzani katikati ya ubao kwa makusudi, akajipanga ndani ya safu zake tatu za nyuma na kumsubiri aje. Wengi huuona ni uoga. Mimi sikubaliani nao: Boris Spassky aliutumia mwaka 1966 mjini Moscow alipowania ubingwa wa dunia dhidi ya Tigran Petrosian, katika michezo ya 12 na 16, na yote miwili iliisha kwa sare.

Weka ubao mbele yako, kete nyeusi zikiwa upande wako. Kila mraba una jina: herufi ni ya safu wima, namba ni ya safu mlalo. Sogeza askari hadi g6, kisha mweke askofu g7. Fuatisha askari wa d6 na e6, halafu mpeleke farasi e7, wala si f6, maana akikaa f6 anamzibia askofu njia na askari mweupe wa e4 anaweza kumfukuza kwa hatua moja. Sasa cheza b6, askofu b7, farasi wa pili d7, na umalizie kwa a6 na h6. Hatua hizi mbili za mwisho zinaonekana ndogo, lakini a6 inamnyima farasi mweupe mraba wa b5, na h6 inawazuia askofu na farasi wasitue g5. Mpinzani akionyesha mapema kwamba anaitaka g5, usingoje zamu ya h6. Icheze hapo hapo.

Hapa naomba mtulie, kwa kuwa ndipo wanaoanza wanapoumia. Usiharakishe kumhamisha mfalme pamoja na ngome, yaani hatua moja ambamo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome huruka ikakaa upande wake wa pili. Tuseme mpinzani ameweka askofu e3 na malkia d2, wote wakimlenga askari wako wa h6. Ngome ikiwa bado h8, askari huyo analindwa mara mbili, na malkia mweupe akithubutu kumalizia ulaji hapo, ngome inamla. Ukishamhamisha mfalme, ngome imekwenda f8, anabaki askofu peke yake kulinda, na askari amepotea bure.

Baada ya kujipanga, kazi yako ni kujibu. Akisukuma e5, jibu d5. Akisukuma d5, jibu e5. Akileta askari wa pembeni hadi a5, mpite kwa b5, na akifika h5, mpite kwa g5. Nguvu ya mpango huu imo humo: mistari inafungwa, mashambulizi yanakosa pa kupenya, na wewe huhitaji kukariri kurasa nyingi za nadharia.

Udhaifu wake ni mkubwa pia, na programu za kompyuta huupa upande mweupe nafasi bora. Kete zako zimebanana, hivyo kuhamisha nguvu kutoka upande mmoja kwenda mwingine huchukua muda. Tishio ninaloliogopa zaidi ni askari mweupe wa f4 anayesonga hadi f5, kwa sababu anazigonga e6 na g6 kwa pamoja, na mstari ukifunguka mfalme aliyebaki katikati hana pa kujificha. Kwa hiyo mara tu uonapo f4, hesabu f5 kabla ya kugusa kete yoyote.

Mpinzani asipofanya lolote, cheza c5. Askari wa d4 akiila, au akisonga mbele, mshazari mrefu wa askofu wako wa g7 unafunguka, na kuanzia hapo ni zamu yako kushambulia.