Bata kilema, filibasta na jerimanda: maneno ya siasa za Marekani

Mabibi na mabwana,

Msikilizaji wa Kiswahili anayefuatilia habari za Washington hukumbana na maneno ambayo kamusi haimfai sana, kwa sababu mengi yalizaliwa na picha fulani, kisha kazi yake ikabadilika huku picha ikibaki ileile. Mfasiri akiishika picha, kazi inamponyoka.

Chukueni "bata kilema", yaani kiongozi ambaye mrithi wake ameshachaguliwa naye bado yumo madarakani. Msemo huu ulitumika katika soko la hisa la London katika karne ya 18 kwa mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake. Ukiusikia utadhani kiongozi huyo hana tena nguvu, kumbe mamlaka yake ya kikatiba anayo yote mpaka siku ya mwisho. Rais John Adams, akiwa ameshashindwa katika uchaguzi, alimteua John Marshall kuwa Jaji Mkuu mnamo Januari 1801, na Marshall akakikalia kiti hicho hadi kifo chake mwaka 1835.

Filibasta ni gumu zaidi. Neno lilianzia kwa Waholanzi likimaanisha haramia, likapitia kwa Wahispania, hadi likamwangukia seneta anayeliteka Baraza la Seneti kwa maneno ili mswada usipigiwe kura. Mwezi Agosti 1957 Strom Thurmond wa South Carolina, akipinga mswada wa haki za raia, alizungumza kwa saa 24 na dakika 18. Alikuwa ametangulia kuoga mvuke ili mwili upungukiwe maji na asibanwe na haja, kisha akawa anasoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine. Mswada ulipita hata hivyo. Siku hizi hakuna anayelazimika kusimama: maseneta wakionyesha tu kwamba hawatakubali mjadala ufungwe, wenye mswada hawana budi kutafuta kura 60 kati ya 100, na ukumbi unaweza kuwa mtupu. Kwa hiyo anayeandika "hotuba ndefu ya kuchelewesha" anaeleza ya mwaka 1957. Mimi ningeandika "kizuizi cha kura 60".

Kwenye jerimanda, yaani kuchora mipaka ya uchaguzi ili kukipendelea chama fulani, Kiswahili chenyewe kinatutega, maana "jimbo" tunalitumia kwa Massachusetts nzima na pia kwa eneo linalomchagua mbunge mmoja. Hapa nitasema "eneo la uchaguzi". Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria iliyochora upya maeneo ya kuchagua maseneta wa jimbo hilo, na eneo moja la Essex likajipinda hata gazeti la Boston likalichora likiwa na kucha na mabawa, kama salamanda, mnyama anayefanana na mjusi. Jina la Gerry likaunganishwa na la mnyama huyo. Chama chake kilipata kura chache kuliko wapinzani, lakini kikaondoka na viti 29 kati ya 40. Leo ramani huchorwa kwa kompyuta, na eneo linaweza kuonekana limenyooka vizuri kabisa huku wapinzani wamegawanywa ndani yake nyumba kwa nyumba, hivyo anayetafuta salamanda kwenye ramani huenda asimwone. Hata sauti ya neno haikubaki: Gerry alilitamka jina lake kwa "g" ya "gari", nasi tunasema jerimanda.