Shokapu za Nyuma kwa Pikapu Iliyoshushwa

DADA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha magari ya zamani, hapa Arusha. Leo kuna swali kutoka kwa msikilizaji wa Sakina. Ana Toyota Hilux ya miaka ya 1970, ya kuendeshwa na magurudumu ya nyuma tu. Ameishusha nyuma sentimita 10 kwa kuweka vipande vya chuma kati ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na springi. Anasema ikisimama inavutia sana, ila akienda Moshi kila tuta linampiga hadi kwenye uti wa mgongo. Anunue shokapu gani, yaani kile kifaa kinachotuliza mdundo wa springi?

FUNDI: Kwanza aache majina ya kampuni. Achukue futi, aingie uvunguni.

DADA: Wengi wangemwambia tafuta laini zaidi.

FUNDI: Laini itagonga vilevile, dada. Shida yake ni urefu. Chukulia shokapu iliyosimama wima. Kabla ya kushusha, kutoka bolti ya juu hadi ya chini palikuwa, tuseme, sentimita 44. Shokapu yenyewe ukiibonyeza hadi mwisho inabaki 33. Kwa hiyo ilikuwa na sentimita 11 za kupanda. Ameshusha 10, sasa gari limesimama tu na pamebaki 34. Sentimita moja! Tuta la kwanza pale Tengeru, rodi, kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu, inagota, na kishindo chote kinapita kwenye valvu na kwenye vishikio vya chesisi. Shokapu imegeuzwa kuwa kizuizi cha ekseli, na hiyo siyo kazi yake.

DADA: Kumbe ndiyo maana mtu anabadilisha, anabadilisha, halafu anasema kauziwa feki.

FUNDI: Feki zipo. Lakini hata ukinunua ya asili, mpya kwenye boksi, ukiifunga hapo utaiua.

DADA: Haya, huko uvunguni anapima nini?

FUNDI: Kati ya bolti na bolti, mara tatu. Mara ya kwanza gari limekanyaga chini kama kawaida. Mara ya pili ekseli imepanda hadi kwenye ile raba inayoizuia isigonge chesisi. Mara ya tatu unainua chesisi, unaweka stendi imara, ekseli inaning'inia. Stendi jamani, siyo jeki peke yake! Tuseme amepata 34, 28 na 42. Basi anatafuta shokapu ambayo ikibonyezwa haizidi 27, na ikivutwa inafika 43. Ile sentimita moja kila upande usiidharau, maana raba nayo hubonyea.

DADA: Na ikiwa fupi kupita kiasi? Maana ushauri wa haraka ni "weka fupi, maliza."

FUNDI: Ikiwa fupi mno, gurudumu likiingia shimoni shokapu ndiyo inabaki imeishikilia ekseli. Rodi inavutwa hadi mwisho, sili zinachanika, oili inamwagika.

DADA: Sasa dukani mtu atakuuliza, "Gari gani? Mwaka gani?"

FUNDI: Mwaka hautamsaidia tena, gari limeshabadilika. Aombe katalogi. Watengenezaji wengi huandika urefu ikibonyezwa, urefu ikivutwa, na kama vichwa vyake vya kufungia ni vya tundu au vya pini. Ikiwa ni yuzdi, yaani iliyokwisha kutumika, kutoka Japani, aipime mwenyewe, kisha aibonyeze na kuivuta taratibu. Ikiwa kuna mahali mkono unapita bila upinzani, airudishe.

DADA: Mimi naomba tuseme pia kuhusu ulalo. Naona pikapu nyingi zimeshushwa na shokapu za nyuma zimelala kama mtu amechoka.

FUNDI: Hapo umegusa penyewe. Shokapu ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, inabaki na takriban robo tatu ya nguvu zake kwenye gurudumu. Ikifika nyuzi 45, imebaki nusu. Ukishusha gari bila kugusa vishikio, ulalo unaongezeka. Kwa hiyo wakati mwingine pesa ya shokapu ngumu ingelipa fundi wa kuchomelea ahamishe kishikio cha juu.

DADA: Halafu wenye kufuata video za Marekani waangalie. Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 nyingi zina koili nyuma na mikono mirefu ya kushika ekseli. Yetu ni springi bapa, zile za vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vipimo vyao havituhusu.

FUNDI: Kabisa. Tena springi bapa zinasuguana zenyewe, na msuguano huo unatuliza gari kidogo. Aliyepunguza vyuma vya springi ili gari lishuke amepunguza na huo, shokapu itafanya kazi zaidi. Na mzigo hatabeba kama zamani.

DADA: Gesi au oili?

FUNDI: Kwa gari la mjini, yenye gesi ya shinikizo dogo inatosha, inazuia oili isifanye povu. Ila zile za silinda mbili, moja ndani ya nyingine, zifungwe wima au karibu na wima, kamwe zisipinduliwe. Kabla ya kufunga, isimamishe, ivute na kuibonyeza mara kadhaa itoe hewa.

DADA: Na kukaza bolti?

FUNDI: Zile zinazopita kwenye bushi, yaani raba za kwenye vichwa vya shokapu, mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza ekseli inaning'inia, ukishusha bushi inajipinda na kubaki hivyo, na haitachelewa kuchanika.

DADA: Atajuaje kama amepatia?

FUNDI: Apake grisi kwenye ile raba ya kuzuia ekseli, aende mwendo wa kawaida hadi Usa River na kurudi. Akikuta grisi imebaki safi, nafasi anayo. Ikiwa imegusa kidogo, sawa pia, raba imefanya kazi yake. Lakini ikiwa imefutika yote na hakuwa na mzigo, asihangaike na shokapu nyingine: apunguze unene wa vile vipande vya chuma alivyoweka kati ya ekseli na springi, ainue gari sentimita 2 au 3, apime upya.