Stempu ya Peni Mbili na Nusu

ZUHURA: Karibuni tena. Ni mimi Zuhura, mtunza nyaraka. Baraka, leo umeingia na karatasi mkononi na uso umekunja. Kuna nini?

BARAKA: Skani zangu kutoka maktaba zimefika Jumatatu. Barua za Dylan Thomas, yule mshairi wa Wales, zile nilizosema nataka kuzitafsiri. Hati inasomeka vizuri, sina neno. Ila moja, juu kabisa, ameandika Laugharne, mji mdogo wa Wales alikoishi, chini yake "Jumanne". Basi. Hakuna tarehe, hakuna mwezi, hakuna mwaka.

ZUHURA: Na bahasha?

BARAKA: Bahasha hawakutuma.

ZUHURA: Uliiomba?

BARAKA: Niliomba barua.

ZUHURA: Basi umepewa ulichoomba. Bahasha ni kitu kingine kabisa, ina namba yake ya ukurasa, na wakati mwingine imewekwa jalada tofauti na barua.

BARAKA: Sawa, nitaandika tena. Ila leo tuliahidi masomo matatu: karatasi za washairi wa Wales walioandika kwa Kiingereza ziko wapi, unaziagizaje ukiwa mbali, na sheria inasemaje ukitaka kuzichapisha. Twende kwa mpangilio.

ZUHURA: La kwanza nalimaliza upesi. Anza Aberystwyth, Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa 1907. Pale utamkuta David Jones, Alun Lewis, Idris Davies, Vernon Watkins. R. S. Thomas ana kituo chake Chuo Kikuu cha Bangor. Edward Thomas tafuta Cardiff pia. Dylan Thomas ndiye aliyetawanyika: madaftari manne ya ujanani, ya 1930 hadi 1934, yako Buffalo, Marekani, kwa kuwa aliyauza mwenyewe 1941, na rundo kubwa jingine liko Austin, Texas. Barua zake kwa rafiki yake Watkins ziko British Library, London. Na msikilizaji ashike hili: barua haikai kwa aliyeiandika, inakaa kwa aliyeandikiwa. Ukitafuta barua za Dylan kwenye karatasi za Dylan utarudi mikono mitupu. Tafuta jina la rafiki, la mhariri, la mtu ambaye Dylan alikuwa akimwomba pesa.

BARAKA: Na majibu ya hao marafiki?

ZUHURA: Mengi yamepotea. Watkins alikuwa karani wa benki pale Swansea, mtu wa kutunza, kila kipande cha Dylan alikiweka. Dylan yeye hakutunza. Ndiyo maana mazungumzo yao unayasikia upande mmoja, kama mtu anayeongea na simu chumba cha pili. Anasema "ule mstari uliouliza", nawe hujui ni mstari gani.

BARAKA: Hapo ndipo mwaka unaponiuma. Maana akisema "shairi nililokutumia", ni lipi? Laugharne ameishi mara mbili. Mara ya kwanza kuanzia Mei 1938, nyumba ndogo ya Gosport Street, kisha nyumba iitwayo Sea View. Mara ya pili kuanzia Mei 1949, Boat House, mpaka safari ya mwisho ya New York aliyofia, Novemba 1953. "Jumanne" yangu inaweza kuangukia huku au kule.

ZUHURA: Na hata angekuandikia tarehe, isingekutosha. Tuseme kaandika "Jumanne tarehe 10 Mei". Fungua kalenda ya 1938: tarehe 10 Mei ni Jumanne. Fungua ya 1949: Jumanne.

BARAKA: Zote mbili?

ZUHURA: Kalenda ya 1938 na ya 1949 ni moja, siku kwa siku. Ya 1939 na ya 1950 nazo ni moja. Yaani miaka miwili ya mwanzo Laugharne inalingana na miwili ya kurudi kwake. Mhariri akipiga hesabu ya siku, akapata mwaka unaofaa, akaridhika, amekwisha. Lazima aendelee mpaka aone kama kuna mwaka wa pili unaofaa.

BARAKA: Haya, nifanyeje bila bahasha?

ZUHURA: Soma ndani. Watoto: Llewelyn alizaliwa Januari 1939, Aeronwy Machi 1943, Colm Julai 1949. Akitaja watoto watatu, uko kipindi cha pili na swali limekwisha. Baba yake alifariki Desemba 1952. Akisalimia kwa niaba ya baba, iko kabla ya hapo. Kisha toa miezi aliyokuwa Marekani: Februari hadi mwisho wa Mei 1950, Januari hadi Mei 1952, Aprili hadi mwanzo wa Juni 1953, tena kuanzia Oktoba 1953. Barua ya Laugharne haiwezi kuandikwa wakati yuko jukwaani New York.

BARAKA: Na kama amenakili shairi ndani ya barua, natazama kitabu. *The Map of Love* kilitoka Agosti 1939, *Deaths and Entrances* Februari 1946, *Collected Poems* Novemba 1952. Shairi likiwa bado lina mistari ambayo kitabuni imebadilika, barua imetangulia kitabu.

ZUHURA: Kwa kawaida. Kuna washairi wanaoendelea kufuta hata baada ya kuchapishwa, kwa hiyo liandike kama dalili, usiliandike kama hukumu. Lakini Baraka, haya yote ni kuzunguka mbuyu. Bahasha ingekujibu kwa jicho moja, hata kama muhuri wa posta umepaka wino mtupu.

BARAKA: Kivipi, muhuri usiposomeka?

ZUHURA: Stempu. Uingereza, barua ya kawaida ya ndani ya nchi ililipiwa peni moja na nusu mpaka mwisho wa Aprili 1940. Tarehe 1 Mei 1940 ikapanda kuwa peni mbili na nusu, ikakaa hapo mpaka 1957. Basi barua yako ya Laugharne ikiwa na stempu ya peni moja na nusu peke yake, ni kipindi cha kwanza. Ikiwa na mbili na nusu, na dalili nyingine zinaitoa kwenye miaka ya vita, ni kipindi cha pili.

BARAKA: Kwa stempu tu!

ZUHURA: Ngoja, haijaisha. Stempu ya mbili na nusu ya Mfalme George wa Sita ilitoka na rangi tatu. Ya 1937 ni bluu iliyokolea. Ya 1941 ni bluu ileile lakini imepauka, kwa sababu ya vita walipunguza wino. Mei 1951 wakageuza, ikawa nyekundu nyepesi. Desemba 1952 anaingia Malkia Elizabeth. Ukiona ile nyekundu ya mfalme, barua haikutumwa kabla ya Mei 1951.

BARAKA: Lakini ukiona bluu, huwezi kusema haikutumwa baada ya 1951.

ZUHURA: Hasa! Posta ya kijijini ilimaliza stempu ilizonazo kwanza, na mtu nyumbani ana karatasi ya stempu droo lake. Rangi inakupa mwanzo, mwisho haikupi. Watu wengi huteleza hapo.

BARAKA: Basi skani yangu ya bahasha ije kwa rangi.

ZUHURA: Andika hivyo waziwazi. Filamu za zamani za maktaba ni nyeusi na nyeupe. Nyekundu nyepesi na bluu iliyopauka zote zinatoka kijivu kilekile. Omba rangi, nukta 300 kwa inchi, mbele na nyuma, na rula ionekane pembeni.

BARAKA: Rula ya nini?

ZUHURA: Upime mikunjo. Barua imekunjwa ili iingie bahasha fulani. Karatasi ikikunjwa mara tatu ina upana wa sentimita 11, halafu bahasha uliyopewa ina sentimita 9, hizo hazikusafiri pamoja. Mtu alizichanganya baadaye. Tazama pia kutu ya kibanio: kama barua ina alama ya kahawia kona ya kushoto, bahasha iliyobanwa nayo inapaswa kuwa na alama ileile mahali palepale.

BARAKA: Na kama kona ya bahasha imekatwa?

ZUHURA: Mkusanya stempu amepita hapo. Amekata kona, ameondoka na stempu na nusu ya muhuri. Geuza nyuma, wakati mwingine kuna muhuri wa kupokelewa.

BARAKA: Nakupa wangu pia. David Jones. Barua zake anaandika kwa wino wa rangi tofauti, akifika chini ya ukurasa anapanda pembeni, anaongeza maneno ubavuni. Ukipata nakala isiyo na rangi hujui lipi aliandika kwanza na lipi alirudi kuongeza.

ZUHURA: Na Alun Lewis ni tatizo jingine. Anaandika akiwa jeshini, kutoka India mwaka 1943, na askari haruhusiwi kutaja alipo. Anwani ni ya kikosi, mahali hapasemwi. Kama barua za wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma 1944: salamu nyingi, mahali hakuna. Lewis alifia Arakan, Burma, tarehe 5 Machi 1944, kwa hiyo mwisho unajulikana; ndani ya hapo unategemea muhuri wa jeshi na wa mkaguzi, na vyote viko juu ya bahasha.

BARAKA: Bahasha tena. Basi nina malalamiko yangu. Mimi nikiwa na siku mbili tu chumba cha kusomea, au nalipia kila ukurasa wa skani, nataka jalada limepangwa kwa tarehe. Nyinyi watunza nyaraka mnajua dalili zote hizi. Kwa nini msipange barua kwa mwaka?

ZUHURA: Kwa sababu mpangilio wa mwandikiwa ni ushahidi. Jinsi alivyoziweka, ipi ilikuwa juu ya ipi, ipi aliitenga, hilo limeandikwa na mikono yake. Ukilivunja hulirudishi.

BARAKA: Mpangilio upi, Zuhura? Nusu ya makusanyo haya yamepita kwa wauza vitabu na minada. Mfanyabiashara amechagua barua zenye shairi akaziweka juu ili bei ipande. Huo nao mnauhifadhi kama msahafu?

ZUHURA: Naam, nao unatuambia kitu. Tena tarehe unayotaka nipange nayo ni ya kukisia. Leo naandika 1938, naisogeza mwanzo. Kesho inaonekana bahasha, ni 1949. Wakati huo barua jirani zake zilizoweza kunisahihisha nimeshazitawanya. Tarehe ya kukisia mahali pake ni kwenye katalogi, ndani ya mabano ya mraba. Karatasi zibaki zilivyo.

BARAKA: Msomaji aliyeko Mombasa au Bujumbura haoni karatasi, anaona katalogi na bei ya skani. Katalogi ikisema "barua 43, bila tarehe", yeye ataagiza zote 43 au ataacha. Wengi wataacha. Ushahidi usiofikiwa na mtu unamfaa nani?

ZUHURA: Hiyo ni hoja ya kuboresha katalogi. Barua zikae. Chukua daftari la tano la Dylan, mbali na yale manne ya Buffalo. Mama mkwe wake alimpa mtumishi wake, Louie King, mafungu ya karatasi akayachome kwenye jiko la jikoni. Louie akaliokoa daftari. Limekaa miaka yote ndani ya familia, likaja mnadani Sotheby's Desemba 2014 likiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa duka, pamoja na kikaratasi cha Louie kinachoeleza jinsi alivyolipata. Chuo Kikuu cha Swansea kililinunua kwa pauni 85,000 kabla ya gharama za mnada. Sasa kile kikaratasi si shairi. Mpangaji wako wa tarehe angekipeleka wapi?

BARAKA: Angekiacha hapohapo ndani ya daftari, Zuhura, mimi sijasema atupe kitu! Nasema barua 43 za mtu mmoja kwa mtu mmoja zipangwe kama zilivyoandikwa. Daftari ni kitu kimoja, halina la kupangwa.

ZUHURA: Inaanza na barua 43. Halafu bahasha zinaonekana zinavuruga mstari, zinatolewa, zinawekwa kasha lao. Halafu wewe unakaa hapa Jumatatu bila mwaka.

BARAKA: Mimi nimekaa bila mwaka kwa sababu hakuna aliyeuandika popote. Hata kwenye hayo mabano yako.

ZUHURA: Hapo kwenye mabano nakubali. Kwenye kusogeza karatasi, sikubali.

BARAKA: Nami kwenye kusogeza sirudi nyuma. Tumebakiwa na dakika ngapi?

ZUHURA: Tatu. Somo la pili la kuagiza hatukulifikia.

BARAKA: Na la tatu ndilo nililoahidi watu wa tafsiri. Sema haraka.

ZUHURA: Kwa sheria ya hakimiliki ya Uingereza, mwandishi mmoja, tarehe tatu. Dylan alifariki 1953, miaka 70 ya ulinzi baada ya kifo imeisha na 2023. Kwa hiyo barua kwa Watkins zilizochapishwa 1957 ziko huru tangu Januari 2024. Zilizochapishwa mara ya kwanza kwenye mkusanyo wa barua zake wa 1985 zinafungwa hadi mwisho wa 2035, miaka 50 tangu zichapishwe. Ambazo hazikuwa zimechapishwa kufikia tarehe 1 Agosti 1989, hadi mwisho wa 2039. Na maktaba kumiliki karatasi haimaanishi inamiliki maneno. Ruhusa ya kuchapisha iombe kwa wenye haki za mwandishi.

BARAKA: Na ya nchi nyingine?

ZUHURA: Marekani hesabu ni tofauti kabisa, Kenya na Tanzania nazo zina zao. Hayo hayaingii kwenye dakika moja.

BARAKA: Kwa hiyo barua yangu, kwanza nitazame kama imo kwenye mkusanyo wa 1985.

ZUHURA: Kama imo, mhariri ameshaipa mwaka ndani ya mabano. Usiuamini mpaka uone bahasha.

BARAKA: Naandika ombi leo usiku. Namba ya jalada, namba ya ukurasa...

ZUHURA: Bahasha, mbele na nyuma, kwa rangi. Na uulize kama iko jalada lilelile.