Gelai, Shengena na Taa ya Babu: Mazungumzo ya Reli Kutoka Moshi

MPWA: Habari za jioni wasikilizaji, karibuni tena. Tuko hapa Moshi, mvua imenyesha tangu asubuhi na mlima umejifunika, hata Kibo hatujaiona leo. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba mama. Wasikilizaji hamjambo?

MPWA: Hawajambo. Mjomba leo kaja na kitu kakifunga kwenye gazeti, ameniambia nisikiguse mpaka mwisho. Basi tuanze na treni, maana Desemba inanukia.

MJOMBA: Inanukia kweli. Wachaga wanarudi nyumbani. Mwenye gari anakuja na gari, mwenye nauli ya basi anagombea siti, na tangu Desemba 2019 mtu wa Dar anaweza tena kupanda treni hadi hapa stesheni yetu. Tulikaa zaidi ya miaka ishirini bila treni ya abiria. Watoto walikua, wakaoa, hawajawahi kuona behewa la abiria likiingia Moshi. Arusha nao walipata yao Oktoba 2020.

MPWA: Mimi nilikuwa mmoja wao, mjomba. Treni ya kwanza kuipanda maishani niliipanda Uingereza, nikiwa masomoni. Na ya mvuke vilevile. Ndiyo maana nimetaka tuzungumze kuhusu hizi reli za kale ambazo wenzetu wanaziendesha kwa kujitolea. Karibu kila kazi pale, dereva, gadi anayesimamia treni, mkata tiketi, mpaka mama wa chai, inafanywa na watu wasiolipwa. Juma zima yuko kazini kwake, Jumamosi anavaa ovaroli.

MJOMBA: Hilo ndilo lililonishangaza uliponisimulia. Enzi za baba yangu mtu alijitolea vipi kwenye reli? Reli ilikuwa ajira, tena ajira ya heshima.

MPWA: Ilianzia Wales. Kuna kireli kinaitwa Talyllyn, kilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea. Mwaka 1950 mwenye mali akafariki, na kila mtu akajua ndiyo mwisho. Kikundi cha watu kikasema hapana, tutaiendesha wenyewe. Mwaka 1951 wakapitisha treni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani reli kuokolewa na watu wanaojitolea. Na walianza na kichwa kimoja tu cha treni kinachotembea, Dolgoch, kilichokuwa na umri wa miaka 85 hivi.

MJOMBA: Kichwa cha miaka 85! Njia nayo?

MPWA: Njia ilikuwa majani matupu. Wanasema nyasi ndizo zilizokuwa zimeshikilia reli, mataruma yanayolaziwa reli yalishaoza.

MJOMBA: Ya mbao hayo. Huku Wajerumani walilaza ya chuma, maana mchwa wa huku wasingeyaacha. Walianza Tanga mwaka 1893, fedha zikawaishia Muheza, serikali yao ikabidi iichukue ile kampuni, wakajikongoja Korogwe, Mombo, Buiko, na Moshi wakafika 1911. Miaka kumi na minane kwa kilomita 350 hivi. Na huu mji tunaoukalia umekaa hapa kwa sababu reli iliishia hapa. Moshi yenyewe ilikuwa kule juu, ndiyo maana mpaka leo kuna Old Moshi.

MPWA: Na Arusha wakasubiri hadi 1929.

MJOMBA: Walisubiri sana. Lakini endelea na habari za sikukuu, hapo ndipo nilipopapenda.

MPWA: Wana kalenda yao. Pasaka ndipo msimu unafunguliwa. Kiangazi ni watalii na watoto walio likizo. Vuli kunakuwa na tamasha la vichwa vya treni, reli nyingine zinawaletea vichwa vyao kama wageni, na watu wanatoka mbali na kamera. Kuna wikiendi ambazo watu wanavaa mavazi ya miaka ya 1940, stesheni nzima inarudi enzi za vita. Halafu Desemba, mjomba, ndiyo mavuno. Baba Krismasi anapanda treni, anapita behewa hadi behewa akigawa zawadi. Tiketi zinaisha wiki nyingi kabla. Pale nilipokuwa, mhasibu wao aliniambia bila kuficha: treni za Desemba ndizo zinazonunua chuma cha Januari.

MJOMBA: Rudia hapo.

MPWA: Treni za Desemba ndizo zinazonunua chuma cha Januari. Sikukuu zikiisha njia inafungwa na wageni hawapo. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Wanabadilisha mataruma, wanachimbua mifereji, wanafungua vichwa. Mimi nilijiandikisha Januari, nikidhani nitapewa kofia na filimbi. Nikapewa brashi ya waya, fimbo yake ndefu kuliko mimi.

MJOMBA: Ya kusugulia mabomba ya boila, lile tangi la kuchemshia maji!

MPWA: Hiyo hiyo. Mbele ya kichwa kuna mlango wa duara, unaufungua unakuta matundu mengi kama sega la nyuki. Kila tundu ni bomba linalopitisha moshi wa moto katikati ya maji. Masizi yakijaa, joto halifiki kwenye maji, unachoma makaa bure. Basi unasukuma brashi, unavuta, unahamia tundu linalofuata. Nilirudi nyumbani mweusi mpaka ndani ya masikio. Siku ya pili tukaosha boila: unafungua vizibo vya chini, unaingiza mpira wa maji wenye nguvu, yanatoka magamba meupe ya chokaa kama maganda ya mayai.

MJOMBA: Chokaa ndiyo ugonjwa wa boila. Baba alikuwa fayamani, mchochea moto wa treni, kabla hajawa gadi, alikuwa anatuambia boila ni kama mgonjwa wa presha, humkurupushi. Unawasha kwa kuni na matambara yenye mafuta, moto mdogo, saa nyingi, chuma kipate joto taratibu pande zote. Ukiharakisha, upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine, viungo vinaanza kuvuja. Na juu ya tanuri kuna kizibo chenye madini ya risasi ndani yake. Maji yakishuka kupita kiasi, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia moto. Baba alisema fayamani aliyeyeyusha risasi hulala macho siku ile, maana ameponea chupuchupu.

MPWA: Wao wana utaratibu wa miaka kumi. Kila baada ya miaka kumi boila linang'olewa kwenye fremu, linakaguliwa lote, kisha linajazwa maji baridi na kusukumwa presha kuliko ile ya kazi, waone kama litavuja. Matengenezo ya namna hiyo yanaweza kuchukua miaka kadhaa, maana mafundi wanakuja Jumamosi tu. Nilimkuta mzee mmoja anatengeneza mlango wa behewa, anaukwangua rangi polepole kwa kipande cha kioo. Chini ya maruni kulikuwa na krimu, chini yake kijani, chini kabisa herufi za dhahabu za kampuni iliyokufa kabla hajazaliwa. Akaacha kukwangua, akaita watu wote waje waone.

MJOMBA: Hapo mimi ningelia.

MPWA: Na vichwa vyenyewe vingi vilitoka jalalani. Barry, kule Wales, palikuwa na uwanja wa vyuma chakavu. Vilifika pale vichwa karibu 300 kukatwakatwa. Mwenye uwanja akawa anakata mabehewa ya mizigo kwanza kwa kuwa ni rahisi, vichwa vikawa vinangoja zamu yao. Katika kungoja huko, watu wakachanga, wakanunua kimoja kimoja. Viliokoka 213.

MJOMBA: Sasa nikupeleke Nairobi. Pale makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa 1971, kuna vichwa viwili vya aina ya Garratt, vya daraja la 59. Vilitengenezwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, vikiwa 34. Kila kimoja kilikuwa na tani takriban 250, na urefu wake unazidi mita 30. Hakukuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kama hivyo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vilivyobaki ni Mount Gelai na Mount Shengena.

MPWA: Gelai ya Longido?

MJOMBA: Gelai ya Longido, pembeni ya Ziwa Natron. Na Shengena ni kilele cha Upare, ukija huku kwa treni kutoka Korogwe unaipita kabla hujafika Same. Milima yetu hiyo! Havikufanya kazi njia yetu, vilikuwa vya Mombasa na Nairobi, lakini majina ni ya nyumbani. Mtoto wa Same akisoma "Shengena" kwenye ubavu wa kile chuma, ataelewa kwamba reli ile ilikuwa yetu sote, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977.

MPWA: Na sisi huku tumebakiwa na nini, mjomba?

MJOMBA: Tumebakiwa na njia yenyewe, inapita treni, na hilo ni kubwa. Vitu vidogo ndivyo vinavyopotea. Mimi nimezaliwa Kahe, njia panda, pale reli ya kutoka Voi ilipoungana na yetu wakati wa Vita ya Kwanza. Tulikaa kota za reli. Nakumbuka kengele ya stesheni, ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa. Nakumbuka madaftari makubwa ya treni, yameandikwa kwa wino, mwandiko umenyooka kama umepigwa rula. Miaka ile treni iliposimama, nilipita ofisi moja nikakuta wanayachoma nyuma ya choo. Niliomba angalau moja. Nikaambiwa ni mali ya serikali, haitoki. Nikasimama pale mpaka yakaisha.

MPWA: Pole, mjomba.

MJOMBA: Nimeshapoa. Lakini ndiyo maana habari za wale wa Wales zimenikaa. Sisemi tuwashe mvuke kesho, boila moja linakula fedha za ukoo mzima. Nasema tuanze na madaftari, taa, viti vya stesheni, na wazee. Fayamani waliobaki mkoa huu hawazidi vidole vyangu kwa ninaowajua, na wawili hawasikii vizuri. Na Desemba watu wote wanarudi. Wenzetu wanahangaika kumleta Baba Krismasi awajazie treni, sisi treni inajaa yenyewe. Mtu akishuka pale Moshi na mabegi yake, akute meza moja, picha za zamani, mzee amekaa anasimulia.

MPWA: Basi tufanye hivyo mwaka huu. Tutaomba kibali kwa wenye stesheni, na mimi nitaleta kinasa sauti. Msikilizaji, kama baba au babu yako alikuwa gadi, fayamani, au alikuwa kwenye magenge ya watengenezaji wa njia kati ya Korogwe na Arusha, mwambie asitupe kitu chochote. Hata tiketi iliyotobolewa. Haya mjomba, fungua hilo gazeti.

MJOMBA: Taa ya baba. Ya gadi. Ona, unazungusha hapa juu: nyeupe... kijani... nyekundu. Kioo cha kijani kina ufa, kiliingia siku tulipohama Kahe. Bado inazunguka vizuri, kila mwaka naitia mafuta kidogo.

MPWA: Utambi upo?

MJOMBA: Nimeununua leo sokoni. Mafuta ya taa nimeshaweka. Zima hiyo balbu ya ukutani, halafu nipe kiberiti.