Pampu ya simtanki kwa chipu moja tu

Haya jamani karibuni, leo niko hapa Ngamiani barabara ya 12, kelele za feni mnisamehe maana joto hili siwezi kuizima. Tunatengeneza saketi ya pampu, tangi la juu likikaribia kuisha inajiwasha, likijaa inajizima, hakuna programu hapa ni mageti tu, yaani visaketi vinavyopokea 0 na 1 na kutoa 0 au 1, na tutaibana mpaka iingie kwenye chipu moja ya 74HC00, ambayo ndani ina mageti manne ya NAND.

Tuna vitu vinne. K ni kisima kina maji, C ni flota, yaani swichi ya kuelea, ya chini ya tangi, J ni flota ya juu, zote zikilowa zinatoa 1. Halafu M ni kumbukumbu, yaani tuko kwenye kujaza au hatupo. Vitu vinne maana yake jedwali la mistari 16, na wengi wanachukua kila mstari wenye 1 wanaujengea AND yake ya miguu minne, geti linalotoa 1 pale tu miguu yote ikiwa 1, bodi inajaa machipu. Mimi sipendi kabisa, huku pwani kila mguu wa ziada ni mguu mwingine wa kuliwa na chumvi.

Tunaivunja kwanza. Mwangalie K, kazi yake moja tu, kisima kikikauka pampu isiwake, mengine hayamhusu. Mtoe pembeni. Pampu ni K na M, basi. Imebaki M mpya, inayotegemea C, J na M ya zamani, kwa hiyo viboksi 8 badala ya 16.

Chora ramani ya Karnaugh, ni jedwali lililopangwa ili 1 za kuunganishwa zikae jirani, mstari wa juu M ni 0, wa chini M ni 1, safu nne za CJ. Sasa subiri hapa, usikimbie. Safu zinaandikwa 00, 01, 11, 10. 11 inatangulia 10! Majirani lazima watofautiane tarakimu moja tu. Mimi niliwahi kunakili majibu kutoka kwenye jedwali kwa mpangilio wa kawaida, 10 ikakaa kwenye boksi la 11, nikaenda kumfungia bibi mmoja, maji yakifika tu flota ya chini pampu inazima, yakishuka kidogo inawaka, relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, taktaktak usiku kucha mpaka kontakti zikaungua na bibi wa watu asubuhi hana maji. Iliniuma sana. Kwa hiyo narudia, 00, 01, 11, 10.

Jaza. 00 tangi tupu, 1 juu na chini. 11 limejaa, 0 zote. 10 liko katikati, linaendelea lilivyokuwa, juu 0 chini 1. 01 je? Flota ya juu imelowa ya chini kavu, kwa flota nzima haitokei, weka kistari, haijalishi. Ila kama flota zako ni za kukwama kwama weka 0, geti zitaongezeka lakini dari halitalowa. Zangu mpya, nahesabu 1.

Viboksi vinne vya 00 na 01 ni kundi moja, ndani ya kundi kinachobadilika kinafutwa, kwa hiyo J na M zinaondoka, vimebakiza siyo C. La pili ni mstari wa chini, 00 na 10... ngoja, feni imepeperusha karatasi... naweka koleo juu yake, haya. 00 na 10 ziko mwisho na mwisho, lakini ikunje karatasi kama bomba, umeona zinagusana? Hilo ni kundi, M na siyo J. Watu wengi wanaliruka hili.

Kwa hiyo M ni siyo C, au M na siyo J. NAND, yaani AND iliyogeuzwa, inayotoa 0 pale tu miguu yote ikiwa 1, peke yake inatosha.

Pini 14 volti 5, pini 7 graundi, kapasita 104 katikati yake. J iingie pini 1 na 2 pamoja, 3 inatoa siyo J. 3 iende 4. 6 iende 9, C iende 10, na 8 ndiyo M, irudishe 5, waya huo ukiusahau hakuna kumbukumbu. 8 hiyo hiyo iende 12, K iende 13. Upande huu wa kulia matokeo ni 8 na 11, siyo 10 na 13, angalieni vizuri.

Pini 11 inashuka 0 pampu ikitakiwa kuwaka, na moduli yangu ya relei inawaka kwa 0, ndiyo maana sikuhitaji geti la tano. Yako ikiwa inawaka kwa 1 utaongeza NOT, geti la kugeuza 0 kuwa 1.

Tujaribu. Flota zote kavu, kisima kina maji... tak, imewaka. Nalowesha ya chini, bado inawaka, safi. Ya juu... tak, imezima. Natoa ya juu, kimya, ya chini bado ina maji. Natoa ya chini, tak! Hapo sasa. Anayetaka bodi iliyochomelewa tayari anitumie ujumbe, ila ya umeme mkubwa wa pampu mwachieni fundi.